SOMO LA AFYA: KUSAGA MENO USIKU NA KUKAZA TAYA MCHANA



Somo letu la mara hii limetoka katika dortuari. Siku moja, mbele ya kengele ya asubuhi, wanafunzi watatu wa interna walisimama mlangoni pangu. Walitaka kubadilishiwa vitanda. Nikawauliza sababu. Walitazamana, kisha mmoja akasema: « Mwalimu, ni juu ya mwenzetu mumoja. Busiku anasaga meno sawa mashini ya bunga. Hatulale. Tena batu beko banasema, mutu wa kusaga meno busiku ni mulozi. »

Nikamwita huyo mwenzao. Alikuja peke yake. Kwa siku nyingi alikuwa anakula bukari peke yake vilevile. Akaniambia: « Mwalimu, mi mwenyewe sisikiake kitu. Asubui njo bananiambia. » Alikuwa amekwisha kunywa dawa ya minyoo mara mbili. Mjomba wake alitaka apelekwe kung'olewa meno ya nyuma. Na yeye alikuwa anawaza kuacha masomo, na egzameni ya Serikali ilikuwa karibu.

Basi, mjue kwamba meno yanaweza kumwondoa mtoto shuleni, hata kama hayamwumi. Njo maana tunaandika somo hili. Lisomeni polepole, kisha mjibu maswali ya mwisho.

1. KUSAGA MENO NI NINI?

Tunasaga mahindi ili tupate unga. Mashini ya kusaga ikizunguka bila mahindi ndani, mawe yanasagana yenyewe, na mwisho wake mashini inajila. Ndivyo ilivyo kwa mtu anayesaga meno usiku: hakuna chakula kati ya meno ya juu na ya chini.

Waganga wanagawa jambo hili mafungu mawili, nasi tuyashike vizuri, sababu dawa zake si moja.

Fungu la kwanza ni kusaga wakati wa usingizi. Mtu amelala, taya linakwenda huku na huku, na sauti inatoka. Pengine hakuna sauti: anabana tu kwa nguvu. Mwenyewe hajui.

Fungu la pili ni kukaza taya wakati wa kuwa macho. Mtu anafanya hesabu, au ana hasira, au anabeba mzigo, na meno yake yameshikana bila yeye kuwaza. Hapa mara nyingi hakuna sauti. Watu wa namna hii ni wengi kuliko wale wa usiku, lakini hawasemwi, kwa kuwa hawasumbui usingizi wa mtu.

Kwa Kifaransa waganga wanaita jambo hili bruksismu. Mwaka 1907 waganga wawili wa Ufaransa, Marie na Pietkiewicz, waliandika juu yake na kulipa jina lililo karibu na hilo. Jina limetoka katika neno la Kiyunani la kusaga meno, neno lile lile linalopatikana katika Injili ya Mathayo 8:12. Tutarudi kwa neno hilo chini.

2. INATOKA WAPI?

Zamani waganga wengi wa meno waliwaza kwamba meno yasiyopangana vizuri ndiyo yanamfanya mtu asage. Kwa hiyo walikuwa wanayapunguza kwa kifaa, ili yakutane sawasawa. Leo wataalamu wengi wameacha mawazo hayo. Walipowapima watu wakiwa wamelala, waliona kwamba jambo linaanza katika ubongo.

Mambo yanafuatana hivi. Mtu yuko katika usingizi mwepesi. Moyo wake unaongeza mwendo. Ubongo unaamka kidogo, kwa sekunde chache tu, lakini macho hayafunguki. Kisha misuli ya taya inakaza na kulegea, inakaza na kulegea, kama mtu anayetafuna. Halafu anarudi katika usingizi wake. Kwa watu wengi jambo hili linapita bila madhara yoyote. Njo maana, tangu mwaka 2018, wataalamu wa nchi mbalimbali wamekubaliana kusema hivi: kwa mtu mwenye afya, kusaga meno si ugonjwa. Ni tabia ya misuli, nayo inaweza kuleta madhara au isiyalete.

Ni vitu gani vinaongeza tabia hiyo? Tunajua hivi:

— Ukoo. Pengine baba au mama naye alikuwa anasaga alipokuwa mtoto.
— Pombe na tumbaku. Mtu anayekunywa lutuku jioni anafikiri analala vizuri. Kumbe usingizi wake unakatika-katika, na taya linafanya kazi.
— Kahawa nyingi, na chai kali ya usiku, ile ambayo wanafunzi wanakunywa ili wasome mpaka usiku wa manane.
— Kukoroma kwa nguvu pamoja na pumzi kukatika usingizini.
— Uchungu wa tumbo unaopanda mpaka kooni usiku.
— Dawa fulani, kwa mfano fluoksetini, ambayo waganga wanatoa kwa watu wenye huzuni kubwa. Aliyepewa dawa ya namna hii asiiache mwenyewe. Arudi kwa munganga wake na kumwambia.
— Mashaka, hofu na hasira. Hizi zinaonekana zaidi kwa mtu anayekaza taya mchana.

Hapa nisimame kidogo. Sisi tunafundisha watoto wetu: kaza meno, mwanamume halii. Neno hilo lina faida siku ya taabu. Lakini kuna watu waliokaza meno siku moja na hawakuyalegeza tena. Hapa Kilwa, mwezi wa 10 mwaka 2004, watu zaidi ya 70 waliuawa wakati askari walipokuja kurudisha mji. Ninyi wanafunzi hamkuwa mmezaliwa bado, lakini wazazi wenu walikuwapo. Wataalamu wa nchi nyingi wameona kwamba mtu aliyepita katika hofu kubwa anaweza kubaki na taya lililokazwa na maumivu ya uso kwa miaka mingi. Ukimwona mzazi wako anakaa kimya na misuli ya mashavu inachezacheza, usimcheke. Mwili wake unakumbuka.

3. MAMBO MATATU YANAYOSEMWA, NA UKWELI WAKE

Wa kwanza wanasema: « Ni minyoo. » Dawa ya minyoo ni nzuri kwa minyoo, na watoto wa shule wapewe kwa wakati wake, jinsi wauguzi wanavyopanga. Lakini haikuthibitishwa kwamba minyoo ndiyo inayosagisha meno. Watoto wengi wasio na minyoo wanasaga, na wengi wenye minyoo hawasagi. Ukinywa dawa hiyo mara kwa mara juu ya meno, unapoteza dawa bule.

Wa pili wanasema: « Ni ulozi. » Tumekwisha kuona namna taya linavyokwenda: ubongo, moyo, misuli. Ni kazi ya mwili wa mtu aliyelala, sawa na kukoroma, sawa na kusema katika ndoto. Anayekoroma hatumwiti mulozi. Kwa nini tumwite hivyo anayesaga?

Wa tatu wanasema: « Biblia inataja kusaga meno pahali pabaya. » Ni kweli, inataja. Lakini katika Mathayo 8:12 ni watu walio macho, wenye majuto. Katika Matendo 7:54 ni watu wenye hasira juu ya Stefano. Hawa wote walikuwa wanajua wanalofanya. Na yule kijana wa Marko 9:18 alikuwa anaanguka chini, anakakamaa na kutoka povu. Ukimwona mtu wa namna hii leo, mpeleke hospitali, maana ni dalili za kifafa, na kifafa kina dawa. Mwenzako anayelala kwa amani na kusaga meno hayumo katika mistari hiyo. Tusichukue neno moja na kumfunga nalo mtoto wa watu.

4. DALILI ZA KUJUA

Kwa kuwa mwenyewe hasikii, mjue namna ya kumtambua kwa alama:

a) Anaamka na taya zito, au kichwa kinamwuma kwenye panja, kisha maumivu yanapungua mchana.
b) Sikio linamwuma, lakini munganga akitazama ndani haoni ugonjwa.
c) Meno ya nyuma yamekuwa bapa na yanang'aa juu, au kipande kimevunjika.
d) Maji ya baridi yanachoma meno.
e) Ulimi una alama za meno pembeni, na ndani ya shavu kuna mstari mweupe.
f) Misuli ya taya imekuwa minene. Weka vidole mashavuni, mbele ya masikio kidogo, kisha bana meno: utaisikia ikipanda.

Dalili moja peke yake haitoshi. Ukiwa nazo mbili au tatu, endelea kusoma.

5. NAMNA ZA KUJITUNZA NA KUTUNZWA

Niseme wazi mapema: hakuna kidonge kinachoondoa kusaga meno kwa siku moja. Anayekuuzia kidonge hicho sokoni anakula franka zako. Lakini zipo namna nyingi za kulinda meno na kutuliza taya. Nyingine hazina bei.

(1) Kulegeza taya mchana.

Jaribuni sasa, mahali mlipo. Fungeni midomo. Je, meno ya juu yanagusa ya chini? Kama yanagusa, na hamli kitu, basi mnafanya kazi ya bure. Taya likipumzika, midomo inakutana lakini meno yanaachana kidogo, upana wa milimita mbili au tatu. Semeni herufi N kimyakimya: ncha ya ulimi inapanda nyuma ya meno ya juu, na taya linashuka lenyewe. Hapo ndipo pahali pake. Mtu mwenye taya lililotulia, meno yake yanagusana kwa muda mfupi tu kwa siku nzima, hasa akitafuna na akimeza.

Tabia inaondolewa kwa tabia nyingine. Hapa shuleni tunayo kengele: ile janti ya gari inayopigwa kwa chuma. Kila inapolia, jiulize: meno yangu yako wapi? Yakiwa yameshikana, sema N, shusha mabega, vuta pumzi polepole. Fanya hivi siku zote kwa majuma kadhaa. Wengine wanafunga uzi mkononi, na kila wakiuona wanakumbuka. Kwa mtu anayekaza mchana, hii ndiyo dawa ya kwanza.

(2) Kutengeneza usingizi.

Lala saa moja ile ile kila siku. Usinywe kahawa wala chai kali jioni. Pombe na tumbaku haviruhusiwi hapa, na sasa mna sababu nyingine tena ya kuviacha. Nusu saa mbele ya kulala, acha hesabu na ugomvi. Anayekesha na vitabu usiku wote wa mwisho anapata maksi kidogo na taya linalouma. Ni lazima niwaambie ukweli: wataalamu hawajathibitisha kwamba usingizi mzuri unamaliza kusaga kwa kila mtu. Lakini hauna madhara, na faida zake nyingine ni nyingi.

(3) Kutuliza maumivu.

Chovya kitambaa katika maji ya moto yasiyounguza, kikamue, na ukiweke shavuni dakika kumi au kumi na tano. Kisha sugua misuli kwa vidole, kwa kuzunguka, polepole. Siku za maumivu kula vitu laini: bukari, sombe, samaki iliyotolewa miiba. Acha miwa, mifupa, mahindi makavu ya kukaanga na shuingamu. Usifungue chupa kwa meno, siku yoyote. Ukipiga mwayo, weka ngumi chini ya kidevu ili taya lisifunguke mno. Vidonge vya maumivu umwombe muuguzi wa dispanseri. Atakupa kipimo kinachofaa umri wako.

(4) Gutiera.

Hiki ni kifaa ambacho waganga wa meno wanatumia zaidi. Munganga anachukua umbo la meno yako kwa kitu laini kinachokauka, anatengeneza sanamu yake ya plasta, na juu ya sanamu hiyo wanaunda kifuniko kigumu cha plastiki. Unakivaa usiku tu, mara nyingi juu ya meno ya juu.

Ninyi wa pwani ya Mweru mtanielewa upesi. Mmeona tairi la zamani linalofungwa ubavuni mwa mashua. Tairi halizuii mawimbi. Mashua inaendelea kucheza, lakini linaloumia ni tairi, na mbao zinapona. Gutiera ni vilevile. Haimzuii mtu kusaga. Inakubali kuliwa yenyewe badala ya meno. Ikichakaa, inabadilishwa. Inaoshwa kila asubuhi kwa mswaki na maji ya baridi, maana maji ya moto yanaweza kuipinda.

Kutoka hapa mpaka Lubumbashi ni zaidi ya kilomita 300, na wakati wa mvua mnajua barabara ilivyo. Si kila mtu atapata gutiera. Basi, asiyeipata asikate tamaa: afuate namna (1), (2) na (3) kwa bidii, na meno yake yatazamwe kila anapopata nafasi ya kukutana na munganga. Mtu ambaye meno yake yanazidi kuvunjika, huyo familia yake ifanye nguvu asafiri.

(5) Dawa na sindano.

Katika miji mikubwa ya dunia kuna sindano ya botulini. Ni sumu kali, lakini kwa kipimo kidogo sana inalegeza misuli ya taya kwa miezi mitatu au minne hivi. Baadaye nguvu inarudi, na sindano inarudiwa. Bei yake ni kubwa, na ni kazi ya mtaalamu tu. Inapunguza nguvu ya kubana. Haiondoi tabia yenyewe.

Kuna pia vidonge vya kulegeza misuli na kuleta usingizi, kama diazepamu. Munganga anaweza kuvitoa kwa mtu mzima kwa siku chache. Lakini mwili unavizoea upesi, na kuviacha kunakuwa vita. Mwanafunzi asivinunue kamwe. Afadhali kusaga meno kuliko kuwa mtumwa wa kidonge.

(6) Kutengeneza meno yaliyoharibika.

Ngozi ikikatwa inarudi. Gamba la nje la jino halirudi, ijapokuwa ndilo gumu kuliko sehemu zote za mwili. Jino lililovunjika munganga analiziba, au analivika kofia. Kama mtu bado anasaga, anapewa na gutiera, la sivyo kazi mpya itavunjika vilevile.

6. MAMBO YASIYOFAA KABISA

Usikubali kung'olewa jino zima kwa sababu ya kusaga. Mimi nilimjua mzee mmoja aliyeng'olewa meno mawili mazuri ya nyuma, mahali ambapo sitapataja. Usiku ule ule aliendelea kusaga kwa meno yaliyobaki. Ubongo haung'olewi kwa koleo.

Usiweke kijiti, kitambaa wala kipande cha kauchu kati ya meno ya mtu aliyelala. Kinaweza kumkaba akafa. Usijitengenezee gutiera kwa plastiki ya ndoo.

Usimpige mwenzako wala kumwagia maji. Ukimwamsha kwa nguvu, usingizi wake unakatika zaidi, nawe umeona kwamba usingizi uliokatika unaongeza kusaga. Mguse begani taratibu, ageuke upande, basi.

7. WAKATI WA KUKIMBIA HOSPITALI

Kuna taya lingine linalokaza, nalo halingojei kesho. Lijueni.

— Mtu ana kidonda, pengine msumari ulimchoma siku chache au majuma machache nyuma. Sasa kinywa hakifunguki, shingo imekuwa ngumu, anameza kwa taabu. Hii ni pepopunda. Inaua. Mpeleke hospitali saa ile ile. Mtoto mchanga aliyekuwa ananyonya vizuri, na sasa hawezi kunyonya na mwili unakakamaa, naye ni vilevile. Chanjo ya pepopunda inamlinda mtu, na mama mwenye mimba anapochanjwa inamlinda pia mtoto wake.
— Mtu amekunywa dawa ya kuzuia kutapika, na baada ya saa chache taya, ulimi au shingo vinapinda. Hakurogwa. Dawa fulani zinaleta hilo, hasa kwa vijana, na hospitalini kuna dawa ya kulilegeza.
— Mtu anakakamaa usiku, anauma ulimi, anakojoa kitandani na asubuhi hakumbuki. Tazameni kifafa.
— Shavu limevimba, kuna homa, jino linapiga kama ngoma. Hapo kuna usaha ndani.
— Taya limefunguka kwa mwayo na halifungiki tena. Msilivute ninyi wenyewe.

8. NENO KWA WALIMU, WAZAZI NA WA DORTUARI

Watoto wadogo wanasaga meno mara nyingi kuliko watu wazima, na wengi wao wanaacha wenyewe wanapokua. Mama asiogope. Amtazame tu mtoto: anakoroma? analalamika kichwa? kuna kitu kinamsumbua nyumbani au shuleni? Pengine maneno machache jioni, mtoto akiwa karibu na jiko, yanafanya kazi kuliko dawa.

Walimu, tukiona mwanafunzi anakula peke yake, tuulize mapema. Mimi nilichelewa. Nilikuwa nimemwona siku nyingi, nikafikiri ni kiburi cha vijana.

Sasa niwaambie mwisho wa habari. Tulikaa pamoja, yule kijana na wenzake watatu, nikawafundisha yote mnayosoma hapa. Muuguzi alimtazama kinywani: meno mawili yalikuwa yameanza kuwa bapa, hakuna zaidi. Tulimwonyesha namna ya kusema N wakati wa kengele. Aliacha chai ya usiku. Mjomba wake alikuja, tukaongea naye kwa heshima, akaacha neno la kung'oa. Wale watatu hawakubadilishiwa vitanda.

Juma lililopita niliwauliza habari. Mmoja alicheka, akasema: « Mwalimu, angali anasaga siku zingine. Lakini tumezoea, sawa vile huyu mwingine anakoroma. » Na saa ya chakula niliwaona wanne kwenye sahani moja ya bukari. Kijana amejiandikisha kwa egzameni.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Toa tofauti kati ya kusaga wakati wa usingizi na kukaza taya wakati wa kuwa macho.
2. Taya likipumzika, meno yanakaa namna gani? Onyesha kwa herufi N.
3. Kwa nini gutiera inafananishwa na tairi la mashua?
4. Mwenzako anasema dawa ya minyoo itaponya kusaga meno. Utamjibu nini?
5. Mtu alichomwa na msumari majuma mawili nyuma, sasa kinywa hakifunguki. Utafanya nini, na kwa haraka gani?
6. Kwa kazi ya nyumbani: hesabu kwa siku moja, kila kengele ikilia, ni mara ngapi umekuta meno yako yameshikana. Leta hesabu yako kalasini. Mwalimu naye ataleta yake.